Tathmini ya kozi ya kutafakari kwa kunusa maua: inachofundisha vizuri na inachoharibu

Kozi ninayoitathmini hapa ni mfululizo wa masomo ya sauti yanayomwongoza msikilizaji kukaa na ua moja, kulinusa kwa utulivu, na kuifanya harufu yake kuwa njia ya kuuamsha moyo na kuutambua uwepo wa kilicho kikubwa kuliko nafsi yake. Masomo huambatana na kijitabu cha maelezo, kisanduku cha chupa ndogo za mafuta ya maua, na daftari la kuandikia. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nyingine nyingi za aina hii zimejengwa kwa mtindo uleule, na ninayoyasema juu yake yatamfaa pia anayefikiria kujiunga na mojawapo ya hizo. Nimeifuata hadi mwisho na kuyarudia baadhi ya masomo, na maoni yangu kwa ufupi ni kwamba palipo na ua halisi, pumzi na ukimya, kozi hii ina thamani kubwa. Pale mwalimu anapoanza kueleza kupita kiasi, thamani hiyo huanza kumomonyoka.

Somo la kwanza ni la waridi, nalo ndilo linaloonyesha uwezo wa kozi nzima. Mwalimu hamhimizi mtu kunusa. Humtaka kwanza alishike ua umbali wa kiganja kimoja kutoka usoni, aitoe pumzi yote taratibu, kisha aisubiri pumzi inayofuata ije yenyewe pasipo kuivuta. Pumzi hiyo inapokuja, harufu huingia nayo, na msikilizaji haambiwi aisifu wala aipe jina. Anaulizwa tu imefika wapi, kama imeishia kwenye ncha ya pua, imepanda nyuma ya macho, au imeshuka kooni. Swali hilo dogo linanyamazisha mambo mengi kichwani. Mtu aliyezoea kusema kwamba waridi linanukia vizuri, kisha akaendelea na shughuli zake, hugundua kwamba ndani ya harufu ile moja mna utamu wa asali unaotangulia, mna ubichi wa jani lililovunjwa unaofuata nyuma yake, na mna ukali mwembamba ambao haujitokezi mpaka utamu utulie. Hayo yote yalikuwamo siku zote, na kilichokosekana ni mtu wa kuyahudhuria.

Kisha hutokea jambo ambalo kozi imeliandalia nafasi kwa hekima. Baada ya pumzi kadhaa harufu hufifia, na wengi hudhani kwamba ua limeishiwa. Ua halijaishiwa na kitu. Seli za kunusa zilizo juu ndani ya pua, pamoja na ubongo unaopokea habari zake, hupunguza kuitangaza harufu isiyobadilika ili zibaki tayari kwa harufu mpya. Ndiyo sababu mwenye nyumba haisikii harufu ya nyumba yake, ilhali mgeni huisikia mara tu anapovuka kizingiti. Katika kipindi hiki mwalimu hunyamaza kwa muda mrefu, kisha humwomba msikilizaji abaki na ua ambalo halimnukii tena, bila kulisogeza karibu zaidi, bila kulitikisa, na bila kunyoosha mkono kuchukua jingine. Naliona zoezi hili kuwa bora kuliko yote yaliyomo. Kila anayesali au kutafakari kwa dhati anazijua siku ambazo moyo haupati ladha yoyote, maneno ya sala yanapita mdomoni yakiwa makavu, na nafsi inashawishika kuamini kwamba kile ilichokuwa ikikikaribia kimeondoka. Ua lililo mkononi, ambalo bado linatoa harufu ileile kwa yeyote atakayeingia chumbani, linamfundisha mtu huyo kwa mwili wake mwenyewe kwamba kutokuhisi ni hali ya mpokeaji. Mwalimu angeweza kulisema hilo kwa mahubiri ya nusu saa. Amechagua kuliacha lisemwe na pua, na kwa hilo nampongeza.

Kijitabu kinajaribu kueleza kwa nini harufu hugusa mahali ambapo picha na sauti hazifiki kwa wepesi, na kwa sehemu kubwa maelezo yake ni sahihi. Habari za macho na masikio hupita kwanza katika kituo cha kati cha ubongo, ndipo zigawiwe sehemu zinazohusika. Habari za pua hupita kwenye vifundo viwili vya kunusa vilivyo chini ya ubongo wa mbele, na kutoka hapo huyafikia moja kwa moja maeneo yanayohusika na hisia na kumbukumbu, kabla akili haijapata nafasi ya kutafuta neno. Kijitabu kinawataja pia Linda Buck na Richard Axel, ambao mwaka 1991 walichapisha ugunduzi wa jamii kubwa ya jeni za vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kazi hiyo. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi, na kila harufu huwasha mchanganyiko wake wa vipokezi hivyo. Ningependa mwandishi angeongeza jambo moja ambalo lingeyasaidia sana mazoezi, nalo ni kwamba matundu ya pua hupokezana: kwa saa kadhaa tundu moja hupitisha hewa kwa wepesi na jingine huziba kidogo, kisha hubadilishana. Anayelinusa waridi kwa tundu la kulia, kisha kwa la kushoto, anaweza kulipata ua lenye sura mbili, na kugundua kwamba hata alichokiita harufu ya waridi kilikuwa nusu ya habari.

Somo la asumini ndilo lililonigusa zaidi baada ya lile la waridi, na nadhani lilistahili kuwekwa mapema kuliko lilivyowekwa. Ndani ya harufu ya asumini mna kiasi kidogo cha kemikali iitwayo indoli, ambayo hupatikana pia katika kinyesi na katika vitu vinavyooza. Ikiwa nyingi humfanya mtu ageuze uso. Ikiwa kidogo, pamoja na kemikali nyingine za ua, ndiyo inayoipa asumini ule uzito wa usiku unaoitofautisha na manukato mepesi ya kutengenezwa. Mwalimu humtaka msikilizaji aitafute sehemu hiyo nzito kwa makusudi, akae nayo bila kuikimbia, na atazame ni mara ngapi akili inataka kuifuta na kubaki na utamu peke yake. Masomo mengi ya kiroho yanayouzwa siku hizi humwahidi mtu amani isiyo na doa. Hapa mtu anafundishwa kuupokea uzuri pamoja na kilichomo ndani yake kinachokumbusha kuharibika, na anafundishwa kwa kitu anachoweza kukishika. Nililirudia somo hili mara nyingi kuliko mengine, na kila mara sehemu ile nzito ilinitisha kidogo zaidi kabla ya kuanza kunituliza.

Hata hivyo, katika somo hilohilo ndimo limo kosa la kwanza kubwa la kozi. Maelekezo yanasema mazoezi yote yafanywe alfajiri, na asumini imo katika mazoezi hayo. Kwa waridi agizo hilo ni la busara, kwa kuwa harufu yake huwa imejaa asubuhi na mapema kabla jua halijalichoma, na wanaovuna mawaridi kwa ajili ya mafuta huyachuma saa hizohizo. Asumini hufunguka jioni na kuitoa harufu yake kwa wingi usiku, wakati nondo wanaoichavusha wanaporuka. Anayeinusa alfajiri anapata mabaki. Mwalimu anayefundisha watu kulihudhuria ua jinsi lilivyo alipaswa kuanza kwa kuiheshimu saa ya ua lenyewe, maana kuisubiri saa hiyo ni sehemu ya ibada ya kunusa. Yako pia maua, kama vile petunia, ambayo hupunguza harufu yake baada ya kuchavushwa. Kulijua hilo humfanya mtu aingie kwenye zoezi akiwa mgeni aliyekuta mazungumzo yakiendelea baina ya ua na mdudu, mazungumzo ambayo hayakuanzishwa kwa ajili yake, na kwangu mimi unyenyekevu huo ni mlango wa kiroho ulio mpana kuliko maelezo yote yaliyomo katika kijitabu.

Sehemu dhaifu kabisa ya kozi ni masomo ya katikati, ambamo kila ua hupewa kituo chake cha nguvu mwilini, rangi yake, na mtetemo wake kwa tarakimu. Limo humo lile dai linalozunguka sana kwamba waridi lina mtetemo wa megahezi 320, uliopita ule wa kila mmea mwingine, na kwamba kulinusa humpandisha mtu hadi kwenye kiwango hicho. Dai hilo halina msingi wa kisayansi, na hata kama mtu hajali sayansi, linaudhuru moyo kwa namna nyingine: linamwondoa kwenye pumzi yake na kumpeleka kwenye kupima maendeleo. Tangu nilipoyasikia masomo hayo nilijikuta nikinusa huku nikisubiri kupandishwa, na kusubiri huko kulinifungia lile lililokuwa likinifungukia bure katika somo la kwanza. Namshauri anayejiunga ayaruke masomo haya yote bila wasiwasi, kwa kuwa hakuna cha baadaye kinachoyategemea.

Somo linalogusa dini mbalimbali lina nia njema, lakini lina haraka. Linasimulia habari mashuhuri katika mapokeo ya Zen, tawi mojawapo la Ubudha, ya Budha aliyeinua ua mbele ya wanafunzi wake bila kusema neno, na Mahakasyapa peke yake akatabasamu, kisha linaongeza kwamba mwanafunzi huyo aliipokea hekima kupitia harufu. Simulizi lenyewe halimtaji mtu aliyenusa. Lina ua, kimya na tabasamu, na ukilitia harufu kwa nguvu unaliondolea uwazi wake. Kwa upande mwingine, somo limeyaacha mambo ambayo yangelipa uzito. Katika Uislamu imo hadithi iliyopokewa katika Sahihi Muslim kwamba anayepewa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuibeba na ina harufu nzuri. Hapo kuipokea harufu kunakuwa adabu baina ya watu wawili, na neema inaingia kupitia mkono wa mwingine. Kwa Wahindu wengi, ua linalopelekwa kwenye ibada halinuswi kabla ya kutolewa, kwa kuwa harufu yake ni sehemu ya sadaka yenyewe. Hebu mtu akae kidogo na jambo hilo katika kozi ya kunusa maua: wapo wanaoukaribia utakatifu kwa kujizuia kunusa. Zoezi moja tu la kulishika ua lenye harufu, kulipitisha mbele ya uso, na kulitoa bila kujitwalia pumzi yake lingeifundisha nafsi mengi kuhusu tamaa, na sikuelewa kwa nini mtungaji hakulifikiria.

Kuhusu zile chupa za mafuta, maoni yangu ni kwamba kozi ingekuwa bora bila kuwamo kwake. Sizungumzii ubora wa mafuta, ambayo yalionekana safi na yamefungwa vizuri. Nazungumzia kinachopotea. Kilo moja ya mafuta ya waridi hutokana na kilo zipatazo 3,000 hadi 5,000 za petali, na kemikali inayotawala harufu ya waridi bichi la damaski huyeyuka katika maji, hivyo petali zinapopitishwa kwenye mvuke sehemu kubwa yake hubaki katika maji ya waridi na kidogo tu huingia katika mafuta. Asumini ni dhaifu zaidi mbele ya joto, na manukato yake hutolewa kwa viyeyushi. Kilichomo katika chupa, basi, ni kitu kizuri chenye maisha yake, lakini si lile ua lililokuwa likipumua mkononi. Zaidi ya hayo, chupa haifi. Ua lililochumwa lina siku chache, na kila siku harufu yake huwa nyingine: ubichi huondoka kwanza, utamu huzidi, kisha hubaki kitu kikavu cha vumbi na majani makavu. Anayelinusa ua lilelile tangu linapofunguka hadi linapoanguka hupata somo la upitaji wa mambo ambalo halikumo katika kijitabu chote, na mafuta yanayobaki vilevile mwezi baada ya mwezi hayawezi kulitoa.

Ni kweli kwamba maua yenye harufu hayapatikani kwa urahisi kwa kila mtu, na nadhani chupa ziliwekwa kwa sababu hiyo. Mawaridi mengi yanayouzwa yakiwa yamekatwa hayanuki kabisa, kwa kuwa kwa miongo mingi wazalishaji wameyachagua kwa rangi, urefu wa shina na uwezo wa kustahimili safari, na harufu ikapotea njiani. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba sehemu muhimu ya harufu ya waridi hutegemea kimeng'enya ambacho hapo awali hakikudhaniwa kuwa na kazi hiyo, na kwamba katika mawaridi yasiyo na harufu jeni inayohusika hufanya kazi kidogo mno. Kozi ilipaswa kumwambia mnunuzi mapema kwamba asichague ua kwa uzuri wake, alinuse kwanza, na kwamba ua dogo la kichakani lenye harufu linafaa kuliko waridi kubwa lililo bubu. Imemwacha alijue hilo peke yake, pengine baada ya kukaa na ua lisilonuka na kudhani kwamba kasoro iko rohoni mwake.

Hilo linanifikisha kwa wale ambao kunusa kwenyewe kumewapungua. Wako wengi waliopoteza uwezo huo kwa muda au kwa muda mrefu baada ya kuugua UVIKO-19, na wako waliozaliwa bila uwezo wa kuisikia kemikali fulani. Urujuani, kwa mfano, ni ua ambalo watu wawili wenye afya wanaweza kulinusa pamoja, mmoja akasikia ua na mwingine akasikia harufu kali isiyo ya ua, kwa tofauti ya jeni moja tu. Kozi haiwataji watu hawa hata kwa sentensi moja, na ukimya huo unaumiza, kwa sababu lugha yake huifanya pua kuwa kipimo cha roho. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake nchini Ujerumani walichapisha mafunzo ya pua ambayo yamekuwa ya kawaida tangu hapo: mtu hunusa harufu 4, ya waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kwa siku kwa wiki 12, akiweka nia yake yote katika kila moja hata kama hasikii kitu. Kwa muundo wake, mafunzo hayo yanakaribiana mno na kutafakari. Anayefungua chupa asiyoisikia, asubuhi na jioni, akiisubiri kwa subira bila kulazimisha, anafanya kile ambacho somo la kwanza la waridi linakitafuta, na pengine anakifanya kwa ukamilifu kuliko sisi tunaopewa harufu mara moja. Kozi inayojali utambuzi wa kiroho ingemweka mtu huyo mbele.

Kwa upande wa afya, tahadhari zilizomo ni chache mno. Mwenye pumu, mzio wa chavua au kipandauso anapaswa kuanza kwa umbali na kwa muda mfupi, mafuta mazito hayapakwi kwenye ngozi bila kuchanganywa na mafuta mengine, na maua yaliyonyunyiziwa dawa hayafai kusogezwa puani. Mwenye paka nyumbani asiweke yungiyungi wa aina ya lili, kwa sababu hata chavua yake huharibu figo za mnyama huyo.

Ubora wa sauti ni mzuri, mwalimu anasema kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na muziki uliowekwa chini ya maneno yake unaweza kuzimwa, jambo ninalolipendekeza. Daftari nililitumia mwanzoni, kisha nikaliacha, kwa kuwa nililiona linanigeuza kuwa mwandishi wa harufu wakati nilikuwa nimekuja kuwa mpokeaji wake. Mwenzangu tuliyefuata naye masomo haya analiona kinyume kabisa, na kurasa zake za waridi linalonyauka ni ushahidi kwamba kuandika nako kunaweza kuwa kunyamaza.

Kilichobaki kwangu baada ya kozi hakikuja kama tukio. Nilianza kuiona pumzi ya kwanza ya sala, ile ambayo zamani ilipita kabla sijaanza kuwepo, na nikaanza kusimama mbele ya kichaka chochote chenye harufu kwa muda wa pumzi chache bila kujiuliza nimepata nini. Kwa sababu hiyo naipendekeza, nikimshauri mnunuzi achukue sauti peke yake pale muuzaji anaporuhusu kuuacha ule mkebe wa mafuta, asikilize somo la waridi asubuhi na la asumini usiku, ayaruke masomo ya mitetemo, na akishayajua maelekezo azime sauti afanye zoezi mwenyewe kwa ua moja tangu linapofunguka hadi petali zake zinapoanguka.